Kusafisha hewa ya ndani kwa miale ya urujuanimno: mwongozo kamili wa kupima, kufunga na kutunza taa

Taa ilikuwa inawaka. Mwanga wake wa samawati ulitanda juu ya dari, na kila aliyeingia chumbani aliutazama kwa imani. Nilipopanda ngazi na kuweka kipima-miale mbele yake, namba niliyoisoma haikufika hata nusu ya ile iliyoandikwa siku taa ilipofungwa. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya luva, vile vibamba vya mbele ya taa, kama unga uliochekechwa. Tyubu ilikuwa haijabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Na feni ya dari, katikati kabisa ya chumba, ilikuwa imezimwa kwa sababu ilikuwa inapeperusha karatasi za mapokezi.

Naanza na taa hiyo kwa sababu nimeona nyingi za namna yake. Miale ya urujuanimno, ambayo wengi tunaiita UV, husafisha hewa kwelikweli, na ushahidi wake ni wa miaka mingi. Lakini inataka vitu vitatu kwa pamoja: miale ya kutosha sehemu ya juu ya chumba, hewa inayopanda kuifikia na kushuka tena, na mtu mwenye kipimo mkononi. Ukikosa kimoja, umenunua pambo la ukutani. Mwongozo huu ni wa yeyote anayesimamia jengo lenye watu wengi, iwe shule, zahanati, ofisi, bweni au nyumba ya ibada, pamoja na fundi atakayepanda ngazi.

Miale hii inafanya nini, na nini haifanyi

Urujuanimno hugawanywa kwa urefu wa wimbi. UV-A na UV-B ndizo zinazotufikia kutoka kwenye jua. UV-C, yenye mawimbi ya nanomita 200 hadi 280, huzuiwa na angahewa kabla ya kufika ardhini, kwa hiyo vijidudu havijawahi kuizoea. Taa za kawaida za zebaki za shinikizo dogo hutoa sehemu kubwa ya miale yake kwenye nanomita 254, karibu sana na mahali ambapo vinasaba hunyonya miale kwa nguvu zaidi. Miale ikigonga kijidudu, huunganisha vipande vya vinasaba vilivyo jirani ambavyo havikupaswa kuungana. Kijidudu kinaweza kuwa bado kinaelea hewani, lakini hakiwezi tena kuzaana, na kisichozaana hakiambukizi.

Kwamba mwanga hudhuru bakteria kulijulikana tangu 1877, Downes na Blunt walipoonyesha nchini Uingereza kwamba chupa za mchuzi zilizoachwa juani hazikuoza kama zile zilizofunikwa. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Hatua ya kuutumia kwa hewa ilipigwa na William Wells nchini Marekani katika miaka ya 1930. Alionyesha kwamba matone madogo tunayoyatoa tukikohoa au kuongea hukauka yakabaki chembe nyepesi mno zinazoelea kwa muda mrefu. Alifunga taa katika madarasa ya shule karibu na Philadelphia, na mlipuko wa surua ulipokuja mwaka 1941, madarasa yenye taa yalipata wagonjwa wachache zaidi.

Majaribio yaliyofuata katika shule nyingine hayakuleta matokeo mazuri hivyo. Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba watoto walikuwa wanaambukizana mahali pengine, kwa mfano kwenye mabasi ya shule. Kumbuka jambo hili unapopanga bajeti: taa hulinda chumba ilimo, na si korido, lifti wala chumba cha chakula kisicho na taa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu kifua kikuu. Katika wodi moja ya Lima, Peru, hewa iliyotoka kwa wagonjwa ilipelekwa kwa simbilisi, wanyama wanaoambukizwa kifua kikuu kwa urahisi sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: taa zikiwa zimezimwa, asilimia 35 ya simbilisi waliambukizwa, zikiwa zimewashwa na hewa inachanganywa na feni, asilimia 9.5. Utafiti mwingine wa namna hiyo nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2015, ulipata ulinzi wa takriban asilimia 80. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizitaja taa za sehemu ya juu ya chumba miongoni mwa njia linazopendekeza za kupunguza maambukizi ya kifua kikuu.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji huupitia haraka. Miale haiondoi vumbi, moshi, harufu za kemikali wala hewa ya ukaa inayojazana watu wakijifungia ndani. Mbegu za kuvu huvumilia miale kuliko virusi na bakteria wengi. Kwa hiyo madirisha yabaki wazi pale yanapoweza, na mitambo ya kuingiza hewa safi ibaki inafanya kazi. Taa inakuja juu ya hayo.

Kuchagua njia

Njia kuu ni nne, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ya kwanza kwa sababu ndiyo inayofaa vyumba vingi vyenye watu.

Ya kwanza ni taa za sehemu ya juu ya chumba. Hufungwa juu ya vichwa vya watu, zikarusha miale kwa mlalo karibu na dari. Hewa hupanda, ikapigwa miale, ikashuka ikiwa safi. Watu huendelea na shughuli zao chini.

Ya pili ni taa ndani ya njia za hewa za mtambo wa kiyoyozi, ambako hakuna mtu. Ya tatu ni kifaa kilichofungwa pande zote, chenye feni inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya taa. Kifaa hiki ni salama na ni rahisi kukifunga, lakini husafisha hewa inayopita ndani yake tu, kwa hiyo muulize muuzaji kinapitisha mita ngapi za ujazo kwa saa, kisha ulinganishe na ujazo wa chumba chako. Ya nne ni taa zisizokingwa ambazo huwashwa chumba kikiwa kitupu. Hizo husafisha zaidi nyuso za meza na vitanda, tena pale tu miale inapofika bila kivuli, na watu wakirudi na kuanza kupumua, kazi yake imekwisha. Kwa hewa ya saa za kazi hazisaidii, na ajali zake ni mbaya. Vijiti vya mkononi vya UV vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani viache kabisa.

Siku hizi kuna pia taa za nanomita 222. Miale yake hupenya ngozi na macho kwa kina kidogo mno, hivyo huelekezwa chini hata watu wakiwepo. Ni teknolojia ninayoitazama kwa matumaini. Hata hivyo viwango vya usalama bado havijalingana: kwa muda wa saa 8, ACGIH, chama cha Marekani cha wataalamu wa afya kazini, huruhusu macho yapokee hadi milijouli 161 kwa sentimita ya mraba, wakati kiwango cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ni takriban 23. Taa hizo pia huzalisha ozoni kidogo, jambo linalohitaji kuangaliwa katika chumba kisichoingiza hewa ya nje. Ukizichagua, fuata kikomo cha chini, na hakikisha taa ina kichujio cha kuondoa mawimbi marefu zaidi yenye madhara.

Hatua ya 1: Kijue chumba

Pima urefu, upana na kimo kwa futi ya fundi, si kwa macho. Zidisha upate ujazo. Dari ikiwa chini ya mita 2.4, achana na taa za sehemu ya juu. Hakuna nafasi salama kati ya vichwa na miale, na kifaa kilichofungwa kitakufaa zaidi.

Kisha tazama juu. Dari imetengenezwa kwa nini? Rangi nyingi nyeupe zina titani dioksidi, ambayo hunyonya UV-C vizuri hata kama macho yako yanaiona iking'aa. Dari ya mabati, mabomba yaliyofunikwa karatasi ya alumini, au fremu za chuma king'avu ni habari nyingine: alumini hurudisha sehemu kubwa ya miale, ikaishusha usoni kwa mtu aliyekaa upande ambao hukuufikiria. Chora mchoro wa chumba na uweke alama kila kitu kinachong'aa, kila feni, kila tundu la hewa, kila dirisha la juu ya mlango.

Pima unyevu wa hewa pia. Unyevu ukizidi takriban asilimia 60 hadi 70, uwezo wa miale dhidi ya vijidudu vingi hupungua. Chumba cha namna hiyo kinahitaji kwanza kupunguziwa unyevu, au kukubaliwa kwamba kitahitaji miale zaidi.

Mwisho, jua hewa inabadilika mara ngapi sasa hivi. Kipima hewa ya ukaa kikiachwa mezani siku nzima ya kazi kitakuonyesha saa ambazo chumba kinaelemewa. Kama saa hizo ni mbili tu asubuhi na sababu yake ni dirisha lililokwama, tengeneza dirisha kabla ya kununua taa.

Hatua ya 2: Kokotoa kiasi cha miale

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi nitakwenda polepole.

Kwa miaka mingi kanuni ya mafundi ilikuwa tyubu moja ya wati 30 kwa kila mita za mraba 18 hivi za sakafu. Kanuni hiyo ilitokana na taa za zamani zilizokuwa wazi kwa juu. Taa za leo zenye luva, yaani vile vibamba vyeusi vilivyopangwa kwa ukaribu ili miale itoke ikiwa imenyooka, humeza sehemu kubwa ya miale ndani ya taa yenyewe, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Taa mbili zenye tyubu za wati zilezile zinaweza kutofautiana mara kadhaa kwa kile kinachotoka nje. Kwa hiyo wati za umeme zilizoandikwa kwenye boksi hazikuambii kitu. Unachotaka kukijua ni wati za UV-C zinazotoka nje ya taa nzima, zikiwa zimepimwa maabara.

Utafiti wa Afrika Kusini nilioutaja ulitoa kipimo kinachofaa kutumika: miliwati 15 hadi 20 za miale itokayo kwenye taa kwa kila mita ya ujazo ya chumba chote. Chukua chumba cha kusubiri chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168. Zidisha kwa 15 upate miliwati 2,520. Zidisha kwa 20 upate 3,360. Unahitaji basi kati ya wati 2.5 na 3.4 za UV-C. Ikiwa taa unayoitaka hutoa wati 0.8, utahitaji nne. Tatu hazifiki hata kiwango cha chini. Na nne zilizosambazwa ni bora kuliko moja yenye nguvu iliyosimama kona moja, kwa sababu miale hupungua kadiri inavyokwenda mbali.

Kuna njia nyingine ya kusema jambo hilohilo, nayo itakusaidia ukiongea na wahandisi wa hewa. Wao huhesabu mara ngapi hewa ya chumba hubadilishwa kwa saa. Kuibadilisha mara moja, ikiwa imechanganyika vizuri, huondoa asilimia 63 tu ya vijidudu, si vyote. Ikibadilishwa mara 6 kwa saa, itachukua dakika 46 kuondoa asilimia 99; mara 12, dakika 23. Miale haibadilishi hewa, lakini hufanya kazi inayolingana na kuibadilisha, na hesabu hizo mbili hujumlishwa. Dirisha likikupa mara 2 na taa zikakupa kinacholingana na mara 8, chumba kimefika 10.

Hatua ya 3: Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji maswali haya, na ukikosa jibu la maandishi, usinunue:

- Urefu wa wimbi ni upi? Jibu liwe 254, au 222, au kwa taa za LED kati ya 265 na 280. Taa nyingi za bei rahisi zenye mwanga wa zambarau hutoa UV-A, ambayo haitasafisha hewa yako.
- Taa nzima inatoa wati ngapi za UV-C, na nani amepima?
- Inatoa ozoni? Tyubu ambazo kioo chake hupitisha nanomita 185 hugeuza oksijeni kuwa ozoni, gesi inayoumiza mapafu. Kwa chumba chenye watu taka tyubu isiyotoa ozoni.
- Tyubu hudumu saa ngapi, na za kubadilisha zitapatikana wapi mwaka ujao?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Nimewahi kuona jengo lenye taa nzuri kabisa zilizozimika mwaka wa pili kwa sababu tyubu zake zilikuwa za umbo ambalo hakuna mwingine aliyeliuza.

Hatua ya 4: Mahali pa kufunga

Sehemu ya chini ya taa isiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwa dari ya kati ya mita 2.4 na 3 tumia taa zenye luva za karibu, ambazo miale yake ni nyembamba. Dari ndefu zaidi zinaruhusu taa zilizo wazi kidogo kwa juu, na hizo hutoa miale mingi zaidi kwa umeme uleule.

Elekeza miale iende umbali mrefu kabla ya kugonga ukuta. Kisha jiulize: kuna siku kichwa cha mtu kitafika huko? Kitanda cha juu bwenini. Ngazi inayopanda ghorofani. Jukwaa la kwaya. Roshani ya ndani. Rafu ya faili ambayo karani hupandia kigoda. Hizi ndizo sehemu zinazoumiza watu, maana mchoro wa sakafu hauzionyeshi. Zunguka chumba kizima ukiwa na anayekitumia kila siku, umuulize nani hupanda wapi.

Usielekeze taa kwenye kioo cha kujitazamia, skrini au chuma king'avu. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia nanomita 254, kwa hiyo jirani wa upande wa pili hana wasiwasi dirisha likiwa limefungwa. Mimea ya ndani iliyotundikwa juu itakauka, na plastiki zilizo kwenye njia ya miale zitabadilika rangi na kupasuka. Nyaya zenye ganda la plastiki zifunike.

Hatua ya 5: Feni

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya feni peke yake. Hewa anayoitoa mgonjwa iko usawa wa uso wake, wakati miale iko juu ya kichwa chake. Kinachounganisha viwili hivyo ni mwendo wa hewa, na katika chumba kilichotulia mwendo huo ni mdogo. Feni ya dari inayozunguka polepole, saa zote ambazo kuna watu, inatosha kwa vyumba vingi. Haina haja ya kuvuma. Inatakiwa ichanganye hewa tu.

Kama karatasi zinaruka, punguza mwendo au weka vizito juu ya karatasi, lakini usizime. Pendekezo langu ni kuunganisha feni na taa kwenye swichi moja, ili moja isiweze kuwashwa bila nyingine. Jihadhari pia na mitambo inayopuliza hewa ya moto karibu na dari: hewa moto hubaki juu kama blanketi, ikipigwa miale tena na tena, huku hewa ya watu ikibaki chini bila kuguswa. Hapo feni si ya hiari.

Hatua ya 6: Umeme na ulinzi

Mpe kazi fundi umeme mwenye leseni. Swichi ya UV iwe mbali na swichi za taa za kawaida na iwe na kufuli, ili mtu asiiwashe au kuizima kwa kupapasa gizani. Kila taa iwe na kikatio chake kinachokata umeme mlango wa taa unapofunguliwa. Weka tangazo kwa lugha inayosomwa na watu wa hapo, likiwa na mchoro, kwenye taa yenyewe na kwenye mlango wa chumba: zima kabla ya kupanda juu.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kukabidhi

Tyubu mpya ziwashe kwa saa 100 kwanza, watu wakiwa hawajaanza kutumia chumba, ili utoaji wake utulie. Kisha chukua kipima-miale kilichorekebishwa kwa nanomita 254. Kipima mwanga cha kawaida, au simu, haviwezi kazi hii, na rangi ya samawati unayoiona ni mabaki tu ya mwanga unaoonekana. Tyubu huendelea kuwa ya samawati muda mrefu baada ya UV-C yake kuchoka.

Kikomo cha usalama kwa macho na ngozi kwa miale ya nanomita 254 ni milijouli 6 kwa sentimita ya mraba ndani ya saa 8. Gawanya kwa sekunde 28,800 zilizomo katika saa hizo, utapata takriban mikrowati 0.2 kwa sentimita ya mraba. Hicho ndicho kiwango ambacho mtu anaweza kukaa nacho mbele ya uso siku nzima bila kusogea. Kwa kuwa watu hugeuka, husogea na hutoka, wapimaji wengi hukubali hadi 0.4 mahali ambapo hakuna anayekaa muda mrefu. Kwenye kitanda cha mgonjwa, dawati la mlinzi au meza ya mapokezi mimi hubaki na 0.2.

Pima kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kama mita 1.7, kisha ya aliyekaa, mita 1.2. Katika kila sehemu geuza kipimo pande zote, kwa sababu miale iliyorudi kutoka darini huja kutoka usipotarajia. Pima feni ikiwa inazunguka pia, kwani mapanga yake hukata njia ya miale. Ukikuta namba kubwa mahali fulani, simama hapo hapo na kipimo mkononi, ukigeuze taratibu mpaka namba ifike kileleni: upande kinaoutazama ndiko miale inakotoka. Mara nyingi utakuta bomba moja au fremu moja ya chuma. Ipake rangi isiyong'aa, pima tena.

Baada ya usalama pima nguvu. Panda juu ukiwa umevaa ngao ya uso ya polikaboneti, mikono mirefu na glavu, kisha upime kwa umbali wa mita 1 kutoka mbele ya kila taa. Andika namba, tarehe na saa za tyubu kwenye daftari. Namba hiyo ndiyo utakayoifuata miaka yote. Bila hiyo hutajua lini taa imechoka.

Hatua ya 8: Waambie watu

Waliomo ndani wana haki ya kujua kilichoko juu ya vichwa vyao. Waeleze kwamba akipigwa miale kwa bahati mbaya, mtu hahisi kitu wakati huohuo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho huwasha na kuuma kana kwamba yamejaa mchanga, machozi hutoka na mwanga hauvumiliki. Ngozi inaweza kuwa nyekundu kama iliyounguzwa na jua. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi mbili, lakini mtu aonwe na mhudumu wa afya, na taa izimwe mpaka chumba kipimwe upya. Wachoraji, mafundi wa dari, wabadilisha balbu na wasafishaji wa madirisha ndio huumia zaidi, kwa sababu huja siku moja na hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Mlinzi wa getini awe na orodha ya vyumba vyenye taa hizi.

Taa ndani ya mtambo wa kiyoyozi

Jengo lenye kiyoyozi kikuu lina nafasi nyingine. Koili ya kupozea huwa na maji muda wote, na juu yake huota utando wa kuvu na bakteria unaopunguza upepo na kuleta harufu. Taa zinazoimulika koili saa 24 huzuia utando huo. Kwa kuwa koili haisogei, miale midogo inatosha: mikrowati 50 hadi 100 kwa sentimita ya mraba ni kiwango cha kawaida. Katika ofisi za Montreal, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta vijidudu kwenye nyuso zilizomulikwa vimepungua kwa asilimia 99, na malalamiko ya wafanyakazi kuhusu pua, koo na kifua yakapungua taa zilipokuwa zimewashwa.

Kuua vijidudu vinavyopita na upepo wenyewe ni kazi ngumu kuliko hiyo. Hewa hukimbia mbele ya taa kwa sehemu ya sekunde, kwa hiyo miale iwe mikali mara nyingi zaidi na sehemu inayomulikwa iwe ndefu. Hewa baridi ya njia hizo nayo hupunguza utoaji wa tyubu za zebaki. Chagua zilizotengenezwa kwa ajili ya upepo baridi. Badilisha vichujio vya plastiki vilivyo karibu na taa, au vikinge, maana vitamomonyoka. Na mlango wa kukagulia lazima uzime taa unapofunguliwa.

Hatua ya 9: Matunzo

Kila mwezi, tazama kutoka chini kama kuna tyubu iliyokufa, kisha zima na utazame vumbi lililokaa. Kila miezi mitatu, au mapema zaidi kwenye barabara ya vumbi, zima taa, iache ipoe, vaa glavu za pamba, futa tyubu na luva kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti. Alama ya kidole ikibaki kwenye kioo, joto huichoma humo na kuzuia miale.

Kila mwaka, au wakati wowote chumba kikipakwa rangi au samani kuhamishwa, rudia vipimo vyote vya hatua ya 7. Tyubu nyingi za zebaki zimetengenezwa kwa takriban saa 9,000, ambazo ni zaidi kidogo ya mwaka mmoja zikiwashwa bila kuzimwa. Zikizimwa usiku na siku za mapumziko zitadumu zaidi. Namba ya mita 1 ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile ya mwanzo na kusafisha hakukuirudisha, badilisha tyubu zote za chumba kwa pamoja, ili umri wake uwe mmoja kwenye daftari lako.

Tyubu iliyokwisha ina miligramu chache za zebaki, kwa hiyo isitupwe na takataka za kawaida. Irudishe kwenye boksi lake na uipeleke panapokusanywa taka za zebaki. Ikivunjika chumbani, toa watu, fungua madirisha, zima feni na kiyoyozi, usubiri angalau dakika 10. Usifagie wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi, kwani zote husambaza zebaki. Okota vipande kwa karatasi ngumu, malizia vumbi la kioo kwa utepe wa gundi, futa kwa karatasi yenye maji, na weka vyote, pamoja na glavu, ndani ya chupa yenye mfuniko unaokaza.